Uachie Upepo Uchague Njia: Kutoka Likoni hadi Tumbe kwa Baiskeli

Wengi wanaopanga kwenda Pemba kwa baiskeli kutoka Mombasa huanza na ramani. Hupima kilomita za Likoni hadi Lunga Lunga, huongeza za Horohoro hadi Tanga, hutazama barabara za kisiwani, kisha hugawa jumla kwa siku za likizo. Hesabu hiyo ni sahihi, ila imeanzia katikati. Manahodha wa pwani hii hawakung'oa nanga bila kujua upepo unatoka wapi, na mwendesha baiskeli aliyefunga kilo 15 za mizigo nyuma ya siti ana haja ile ile.

Safari inayoelezwa hapa ni ya kama kilomita 300, nusu yake bara na nusu kisiwani, na katikati kuna bahari. Inamfaa mtu mwenye baiskeli nzima na siku kumi hivi za mapumziko, hata kama hajawahi kuvuka mpaka akiwa juu ya pedali. Umri si kizuizi. Dervla Murphy, mwandishi wa Ireland, alikuwa amefikisha miaka 60 mwaka 1992 alipoendesha baiskeli peke yake kutoka Kenya hadi Zimbabwe, na njia yake ilikuwa ndefu mara nyingi kuliko hii. Kinachohitajika ni matayarisho na subira. Subira hasa, kwa sababu Pemba si kisiwa cha kupitwa mbio.

Upepo kwanza

Kutoka Mombasa kwenda Tanga barabara inaelekea kusini, ikiegemea magharibi kidogo. Pemba nayo imelala kusini hadi kaskazini kwa urefu wa karibu kilomita 67, bandari ya Mkoani ikiwa kusini na Tumbe juu kabisa kaskazini. Kwa hiyo mtu anayetoka Mombasa akamalizia Tumbe huelekea kusini nusu ya kwanza na kaskazini nusu ya pili. Akiifuata njia hiyo moja kwa moja, nusu mojawapo atapigwa na upepo usoni, msimu wowote ule.

Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, ukitoka kaskazini mashariki. Kusi hushika baada ya masika, na huwa na nguvu zaidi Juni hadi Agosti. Ukipanda baiskeli yenye mifuko ya pembeni dhidi ya kusi la Julai, utatumia asubuhi nzima kwa safari ambayo mgongo ukiwa kwenye upepo ingekuwa ya saa mbili. Dawa yake ni kupindua sehemu moja ya safari kwa kutumia gari.

*Ukienda wakati wa kusi (Juni hadi Septemba):*

1. Panda basi Mombasa hadi Tanga, baiskeli ikiwa kwenye buti au juu ya paa.
2. Vuka kwa meli hadi Mkoani.
3. Endesha kutoka Mkoani kwenda kaskazini hadi Tumbe, upepo ukikusukuma.
4. Rudi Mkoani kwa daladala, vuka hadi Tanga, kisha endesha kurudi Mombasa. Upepo bado uko mgongoni.

*Ukienda wakati wa kaskazi (mwisho wa Desemba hadi Februari):*

1. Anza kuendesha Likoni hadi Tanga.
2. Vuka hadi Mkoani, kisha panda daladala hadi Chake Chake na nyingine hadi Konde.
3. Anzia Tumbe, shuka na kisiwa hadi Mkoani.
4. Rudi Tanga kwa meli na Mombasa kwa basi.

Kati ya misimu hiyo miwili, mwisho wa Agosti na Septemba ndio wakati bora. Kusi limeanza kupungua makali, joto halijapanda, vumbi ni la kadiri, na karafuu zinaanza kuchumwa. Januari na Februari ni miezi mizuri pia, ila jua lake si la mchezo. Machi hadi Mei usijaribu: mvua za masika hugeuza njia za ndani za Pemba kuwa utelezi wa udongo mwekundu. Tazama pia kalenda ya Kiislamu. Mwezi wa Ramadhani migahawa mingi ya Pemba hufungwa mchana, na kula au kunywa hadharani ni kuwavunjia wenyeji heshima. Mtu anayetoa jasho juu ya baiskeli hawezi kukaa kutwa bila maji, kwa hiyo ni vyema asiupangie mwezi huo safari ya aina hii.

Baiskeli gani?

Baiskeli yoyote imara inafaa, ila si kila baiskeli ina vipuri njiani. Mafundi wa pwani, kuanzia Ukunda hadi Konde, wamezoea magurudumu ya inchi 26 na yale ya inchi 28 ya baiskeli nzito kama Phoenix. Tairi pana kiasi cha sentimita nne au tano huvumilia mchanga na mashimo kuliko tairi jembamba la mashindano. Tyubu yenye valvu nyembamba kama ya baiskeli za mbio ni shida, kwani fundi wa kijijini huenda hana pampu ya kuiingia. Kama baiskeli yako inatumia hizo, beba tyubu tatu na pampu yako mwenyewe.

Gia ndogo ni muhimu kuliko gia kubwa. Pemba haina milima mirefu, lakini ina vilima visivyokwisha: unapanda, unashuka hadi bonde la mpunga, unapanda tena. Asiye na gia atashuka na kusukuma. Wenyeji wenyewe hufanya hivyo wakiwa na magunia kwenye keria, na hakuna anayewacheka.

Peleka baiskeli kwa fundi wiki mbili kabla, siyo jana yake. Mwambie abadilishe nyaya za breki na raba za breki zilizolika, anyooshe ringi, akaze spoki na apime cheni. Kisha ipakie mizigo yote na uiendeshe siku nzima karibu na nyumbani. Keria iliyolegea huonekana siku hiyo, nawe ukiwa bado karibu na fundi wako.

> KISANDUKU: VYA KUFUNGA KWENYE KERIA
>
> ☐ Tyubu mbili, viraka, gundi, msasa, vyuma vya kutolea tairi
> ☐ Pampu, spana, funguo za bolti, kiungo cha akiba cha cheni
> ☐ Spoki nne za kipimo cha gurudumu lako
> ☐ Mafuta ya cheni na kitambaa kikuukuu
> ☐ Taa ya mbele na ya nyuma, kofia ngumu, fulana ya kung'aa
> ☐ Chupa za maji zinazotosha lita tatu
> ☐ Chandarua chepesi na dawa ya kufukuza mbu
> ☐ Suruali pana au kikoi, na kanga au shati la mikono mirefu
> ☐ Dawa ya vidonda, bandeji, chumvi na sukari
>
> *Usibebe mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa.* Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019. Nguo zikinge mvua kwa turubai au viroba imara.

Chumvi na sukari si za kupikia. Ukiharisha au ukiishiwa nguvu kwa jasho, koroga vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji safi, unywe taratibu. Ukiwa Pemba, dafu halipatikani mbali.

Karatasi na fedha

Lugha ni moja na desturi zinafanana, lakini Horohoro ni nchi nyingine. Mkenya anaweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haimo katika mpango huo. Beba pasipoti au hati ya muda ya kusafiria Afrika Mashariki, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Weka pia nakala ya risiti ya baiskeli, hasa ikiwa mpya, ili afisa wa forodha asidhani umeileta kuuza.

Zanzibar ina ukaguzi wake bandarini, hata kwa anayetoka Tanga. Usizike pasipoti chini ya mizigo. Tangu Oktoba 2024 Zanzibar pia inawataka wageni wanaotoka nje ya Tanzania wawe na bima ya safari ya Zanzibar. Ulizia masharti yanayokuhusu kabla ya kukata tiketi ya meli.

Badili shilingi kabla ya kuondoka mpakani au ukifika Tanga. Pemba, benki na mashine za kutolea fedha utazikuta mjini. Kuanzia Konde kwenda juu, noti ndogo ndogo ndizo zinazonunua chai. Laini ya simu ya Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole na pasipoti, kwa hiyo imalize Tanga ambako maduka ni mengi.

Barabara ya bara

Kivuko cha Likoni ukipite alfajiri, ukishuka na kuisukuma baiskeli pamoja na waendao kwa miguu. Kutoka hapo hadi Lunga Lunga ni karibu kilomita 95 za lami, zinazogawanyika vizuri kwa kulala Msambweni. Sehemu ya Likoni hadi Ukunda ndiyo ngumu, si kwa vilima bali kwa matatu. Zikisimama ghafla mbele yako usizipite upande wa kushoto, maana mlango hufunguka huko. Baada ya Msambweni magari hupungua, na mashamba ya miwa ya Ramisi yanakupokea.

Mpakani, idara za nchi zote mbili hufanya kazi katika kituo kimoja. Maliza uhamiaji kwanza, kisha forodha, na usianze kuondoka kabla muhuri haujagongwa. Kutoka Horohoro hadi Tanga ni kilomita 65 za lami nzuri. Jaza maji mpakani, kwa kuwa kuna masafa marefu yenye maduka machache. Kabla ya kuingia mjini utakuta njia ya kwenda Mapango ya Amboni. Yafaa kupumzika pale adhuhuri, kwani mle pangoni jua halifiki.

Tanga ni mji wa baiskeli kwelikweli. Wazee, wanafunzi, mama wenye vikapu, wote wako juu ya magurudumu mawili, na mafundi wako kila mtaa. Hapa ndipo mahali pa mwisho pa uhakika pa kununua tairi, tyubu au siti kabla ya bahari. Mkazi wa Tanga atakuonyesha duka zuri bila kuulizwa mara mbili.

Pancha njiani

Itakupata. Mtu asiyejua kuziba hupoteza nusu siku akingoja msaada, anayejua hupoteza dakika ishirini.

1. Ondoka barabarani kabisa, kwenye kivuli ikiwezekana, na ushushe mizigo.
2. Toa gurudumu, kisha tairi upande mmoja tu.
3. Jaza tyubu upepo na uipitishe karibu na shavu au ndani ya maji ili kutafuta tundu. Weka alama.
4. Papasa ndani ya tairi kwa kitambaa, si kwa vidole vitupu, hadi uupate mwiba au kipande cha chupa. Hatua hii ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayoleta pancha ya pili baada ya mita mia.
5. Piga msasa, paka gundi, *ngoja ikauke*, bandika kiraka na ubonyeze.
6. Rudisha, jaza, zungusha gurudumu ukitazama kama tairi limekaa sawa.

Bahari

Kati ya bara na Pemba kuna mkondo wenye kina cha zaidi ya mita 800. Kusi likishika, mkondo huo huchafuka. Meli kati ya Tanga na Mkoani hazisafiri kila siku, kwa hiyo ratiba ya baiskeli ipangwe kuzunguka siku ya meli, ukiacha siku moja ya akiba kila upande. Ulizia ofisi ya meli yenyewe siku mbili kabla, na uulize pia nauli ya baiskeli na inapofungwa. Toa mifuko, geuza pedali, funga fremu kwa kamba laini mbali na mizigo inayoweza kuiangukia.

> ONYO
>
> Usikubali kuvushwa kutoka bandari bubu kwa jahazi au boti ya mizigo, hata ukiambiwa ni nafuu na inaondoka sasa hivi. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, na mwaka uliofuata, Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe. Mamia ya watu walikufa. Hizo zilikuwa meli zenye bandari rasmi. Boti ya magendo haina hata orodha ya majina ya abiria. Meli rasmi nayo ukiona imejaa kupita kiasi, ahirisha.

Kisiwani

Waarabu wa kale waliiita Pemba Kisiwa cha Kijani, na ukitoka tu Mkoani utaona sababu: mikarafuu, minazi, migomba na miembe imesongamana hadi ukingo wa lami. Mkoani hadi Chake Chake ni kama kilomita 30. Zinaonekana chache tu kwenye karatasi. Miguu itahesabu vilima. Ondoka saa 12 asubuhi, pumzika saa 5 hadi saa 9, malizia jioni. Usiendeshe usiku. Watu, ng'ombe na baiskeli zisizo na taa hutumia barabara ile ile.

Msimu wa karafuu utazikuta zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, na harufu yake hukutangulia kilomita nzima. Usipitishe gurudumu juu ya jamvi hata kwa bahati mbaya. Pale pana ada ya shule ya mtoto. Wala usinunue gunia ukitaka kulipeleka Mombasa. Biashara ya karafuu Zanzibar iko chini ya shirika la serikali, ZSTC, na magendo ya karafuu yana sheria kali. Ukitaka ukumbusho, nenda kiwanda cha mafuta ya makonyo ya karafuu huko Wawi, karibu na Chake Chake.

Chake Chake ifanye kituo cha siku mbili. Siku moja nenda Pujini, kusini mashariki ya mji, kwenye magofu ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala ambaye masimulizi ya wenyeji yanamkumbuka kwa ukatili wake. Pia pitia Kidike, kaskazini ya Chake, wanakohifadhiwa popo wa Pemba. Ni mnyama asiyepatikana kwingine duniani kwa asili yake, na akitandaza mabawa hufikia karibu mita moja na nusu. Aliwahi kukaribia kutoweka, na wanavijiji ndio walioacha kumwinda na kuanza kumlinda. Kiingilio chako kinasaidia kazi hiyo.

Chake hadi Wete kwa barabara ya zamani ni kama kilomita 30 nyingine, yenye kona nyingi na mandhari bora kuliko ile ya mashariki inayokwenda Konde moja kwa moja. Mwenye haraka apite mashariki; asiye na haraka apite Wete alale huko. Kesho yake, kutoka Wete hadi Konde ni kama kilomita 15.

*Adabu ya njiani ni nyenzo ya safari, sawa na pampu.* Pemba watu huvaa kwa stara. Kaptura ya kubana ifunike kwa suruali pana au kikoi kabla ya kuingia kijijini, na kwa mwanamke mabega na miguu yafunikwe. Mpe kila mtu mzima salamu yake; shikamoo iliyotolewa huku ukipunguza mwendo hufungua milango ambayo pesa haifungui. Usipige picha ya mtu bila ruhusa. Ijumaa adhuhuri usitarajie duka wala fundi. Na nje ya miji nyumba za wageni ni chache, kwa hiyo ukifikwa na jioni kijijini, muulize sheha. Yeye ndiye kiongozi wa serikali wa eneo lile. Usiweke hema popote kabla hajajua kuwa upo.

Tumbe

Kutoka Konde pinda mashariki, kilomita chache tu, na lami inakufikisha kwenye ghuba. Tumbe ni kijiji kikubwa cha wavuvi, na soko lake la samaki ndilo linalowavuta wanunuzi wa kisiwa kizima. Fika asubuhi vyombo vinapoingia. Utasikia mnada kabla hujauona. Kaa pembeni, baiskeli usiilaze njiani mwa wabebaji, na ukitaka samaki mmoja tu wa kuchoma, nunua kwa mchuuzi baada ya mnada badala ya kuingilia bei.

Anayependa kuona kazi ya dagaa apange kwa mwezi, si kwa tarehe. Wavuvi wa dagaa wa pwani huvua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikua hupumzika. Ukifika siku za mwezi mpevu utakuta nyavu zinashonwa, jambo ambalo nalo lafaa kutazamwa, ila si lile ulilolifuata.

Karibu na kijiji, katika mashamba, kuna magofu ya Chwaka: misikiti na makaburi ya mji uliokuwa na maisha tangu karne ya 11 hadi mwanzoni mwa karne ya 16. Wenyeji huyataja kwa jina la Haruni, anayesemwa kuwa mwana wa Mkama Ndume. Kabla ya mji huo kulikuwa na makazi mengine makubwa papa hapa Tumbe, kati ya karne ya 7 na ya 10, yaliyochimbuliwa na wanaakiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nenda na kijana wa kijiji anayeijua njia, umlipe, na baiskeli iache kwake. Usikanyage kuta wala kuokota vigae.

Tenga siku moja zaidi kwa Msitu wa Ngezi, magharibi ya Konde. Lipa kiingilio getini na uchukue mwongozaji ukitaka kumsikia bundi wa Pemba, mmoja wa ndege wanne wa kisiwa hiki wasiopatikana kwingine. Njia inaendelea hadi ufuo wa Vumawimbi na Ras Kigomasha, penye mnara wa taa wa mwaka 1900. Lami haifiki huko. Punguza upepo wa tairi kidogo ukiingia mchangani, shika gia ndogo, na usipige breki ya mbele ukianza kuteleza.

Makosa yanayojirudia

Kupanga kilomita 80 kwa siku Pemba kwa kuwa bara uliziweza. Hapa 30 hadi 40 zinatosha, hasa ukitaka kusimama.

Kukata tiketi ya kurudi ya siku ile ile unayomaliza kuendesha. Meli ikiahirishwa au cheni ikikatika, hesabu yote inavurugika.

Kuficha baiskeli chumbani ikiwa na chumvi. Hili huharibu zaidi ya mashimo yote ya njiani. Kila jioni baada ya ufuo au meli, iogeshe kwa ndoo ya maji baridi ya kisima, ukianzia cheni na nyaya za breki, ikaushe kwa kitambaa, kisha weka mafuta matone machache. Ukifika Mkoani kungoja meli, fanya hivyo tena hata kama ni usiku, kwa sababu kesho yake kusi linakungoja Tanga na kilomita 160 za kurudi Mombasa bado ziko mbele.